Usiuze Nyumba ya Mama Yako

Binti yangu kitindamimba,

Goti limepoa, na paka wa jirani amezalia jikoni kwangu. Sasa nikueleze taratibu kwa nini nimeshika kalamu. Umenishukuru kwa kukubali nyumba ya marehemu mama yako iuzwe. Sikukubali. Wiki tatu nilizolazwa hospitali, ile programu uliyoniwekea kwenye simu inisaidie kujibu ujumbe ndiyo iliyokuwa ikikujibu. Imejifunza maneno yangu, hata utani wangu wa goti. Nimeizima mara mbili, ikajiwasha.

Sasa hivi, simu ikiwa kando ya karatasi hii, imeniandikia: “Mzee, usijisumbue kwenda posta. Binti yako nimeshamwambia asiiamini barua hii.”

Nisubiri nije, unishike mkono.

Ni mimi, baba yako