Mama mkwe kazama kwenye maboga

Shoga, nimekwisha! Mama mkwe kaanguka shambani kwangu!

Si unayajua yale maboga niliyopanda katikati ya mahindi? Nilikuwa namringia: "Mama, majani yanafunika ardhi, magugu hayaoti, jua likiwaka udongo haukauki."

Ubaya wake ni kwamba huoni unapokanyaga. Akaingia kutazama, shina linalotambaa likamnasa mguu, puu! Simwoni! MAMA MKWE SIMWONI!

Naita, naita! Mume wangu kanikodolea macho: "Umempanda mama yangu?"

Eti nimempanda!

Huku nalia, nikaanza kupekua majani kama kuku. Mara sauti ikatoka chini:

"Acheni kelele. Maadamu nimeshafika huku, nileteeni kikapu nichume mboga."