Pombe ya Mtama Ilichacha Tukiwangoja

Dukani kwa Zena,
Makere, Kasulu.
21 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu Niyongabo,

Miaka sita hujakanyaga uwanja wangu. Sita! Mbuzi niliyekuwa naye ulipoondoka sasa ana vitukuu. Salamu zako zisubiri kidogo, nikikusalimu sasa hivi nitakusalimu kwa fimbo.

Haya, hujambo? Aline hajambo? Kifua chako kimepona huko Dar es Salaam? Mimi nipo. Magoti yanalia, meno yamebaki ya kuchekea tu, mahindi nimevuna, maharage wamekula wadudu. Nimekujulia hali kwa sababu ndivyo watu wenye adabu wanavyofanya. Sasa nisikilize.

Anayeandika ni Zena mwenye duka, maana mimi shule niliiona kwa nje nikipita na kuni. Nimemwambia asilainishe hata neno moja. Ukikuta mahali pametulia, ujue ni yeye.

Ulituma ujumbe kwenye simu yake kwamba umepata likizo, unamtembeza mkeo. Mtaona milima ya Morogoro, mtaona mji wa Dodoma, kisha treni mpaka mwisho. "Bibi, Alhamisi tunafika Kigoma." Maneno yako hayo, Zena alinisomea mara mbili. Sasa wewe, ukimwambia bibi yako unafika Kigoma na mke mpya, unataka bibi afanye nini? Apige miayo?

Nililoweka mtama. Nikauotesha, nikaanika kimea, nikasaga, nikapika impeke, ile pombe ya siku ya kumtwikurura bibi harusi, kumfunua mbele ya ndugu. Maana mpaka leo mkeo hajafunuliwa. Ndugu zake hawajaketi na sisi kwenye mtungi mmoja, na yeye hajashika mwiko jikoni kwangu. Kanisani mlifunga ndoa, sawa, Mungu anamjua. Mimi simjui.

Shangazi yake Aline, Pelagia, alitoka Kibondo na basi la kwanza, kikapu kichwani, mirija ya kunywea kumi na miwili kaifunga kwa kitambaa cheupe. Alhamisi tukakaa. Ijumaa tukakaa. Majirani wakiuliza, nasema treni imechelewa. Jumamosi jirani yangu mzee Nduwayezu akavuta kidogo kwa mrija, akakunja uso. "Mama, hii sasa ni ya kuoshea sufuria." Mdomo wake ule! Nilimfukuza, lakini kweli alisema kweli. Impeke haimngoji mtu, ilikuwa imechacha.

Jumapili Zena akaja na simu, akatutajia picha zenu moja moja. Mmejipiga picha stesheni Kigoma. Mmejipiga ziwani. Mmejipiga dirishani mwa treni, mnarudi. Mnarudi! Na chini umeandika, "Tumefika mwisho wa reli." Pelagia alirudisha mirija yake kwenye kitambaa, mmoja mmoja, akafunga fundo. Nilimsindikiza mpaka kituoni na njia nzima sikupata neno la kumwambia. Mimi! Unanijua mimi nikikosa neno?

Usiniambie muda ulibana. Siku tatu mmekaa mnatazama maji. Toka hapo mpaka Kasulu ni lami, watu wanakwenda sokoni na kurudi siku hiyohiyo. Na usiniambie Aline alikuwa na hamu ya milima. Ile ya Manyovu niliivuka na baba yako mgongoni, mvua inanyesha, Burundi inawaka nyuma yangu, na hakuna aliyenipiga picha. Kama ni milima, mlete, nitamwonyesha na jiwe nililokalia kumnyonyesha mkwe wake.

Nimewaza labda unanionea haya. Bati lina kutu, sakafu ya udongo, bibi mwenyewe anapayuka. Kama ni hivyo sema, nitakuchapa, yataisha. Baba yako alipozikwa ulikula ugali wa muhogo juu ya sakafu hiyohiyo, ukalamba na sahani. Haikukuchoma.

Zena anauliza kama nimemaliza. Sijamaliza. Kuna jambo sijamwambia mtu, mjukuu wangu mume wangu, na Zena analisikia sasa hivi akiwa ameshika kalamu.

Siku ile aliponisogezea simu nilisema, "Lo, mke mwenzangu mzuri, kanishinda!" Watu wakacheka. Aline sikumwona. Niliona wekundu tu, nadhani ilikuwa nguo yake. Jicho la kushoto limefunga tangu Pasaka. Hospitali wamesema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na la kulia wananipa dawa ya kudondoshea ili lichelewe. Lichelewe, wamesema. Hawakusema lipone. Kwa hiyo treni yako, ziwa lako, milima yako, vyote ulivyonitumia kwangu ni ukuta. Usinitumie tena picha. Niletee mtu.

Mtama mwingine upo kwenye gunia. Sitauloweka kwa ujumbe wako, nimeshaona ujumbe wako unavyopika. Aline anipigie mwenyewe, nisikie sauti yake, aniambie, "Bibi, loweka." Siku hiyohiyo nitaloweka. Pelagia nitamwita mimi, na matusi yake nitayameza mimi, wewe umeshanizoesha.

Msalimie dada yako Akimana, mwambie kitenge alichonitumia ninakivaa kanisani na watu wanakionea wivu. Msalimie na mumewe Claude, ingawa haongei. Aline usimwonyeshe barua hii yote, msomee pale nilipomsifu. Kama hupaoni, tafuta. Mungu awalinde barabarani, awape watoto wenye vichwa vigumu kuliko chako, ndipo utanijua.

Ni mimi, ninayekupenda hata nikikutukana,
Bibi yako Mpawenimana.

Zena alishafunika kalamu, nimemwambia aifunue. Mkija, laleni Kasulu, mpande gari la kwanza, mnifikie asubuhi. Saa hizo jua linaingia mlangoni, na mtu akikaa karibu bado nauona uso wake. Aline akae kwenye kizingiti, upande wangu wa kulia. Wewe kaa pembeni, usimzibie mwanga.