Mzimu wa Selo 31 Apiga Simu

Jumanne, 3 Oktoba

Oktoba imeingia. Wenzetu West Virginia nzima wanavuna maboga, sisi wa gereza la Kessler Fork, lililofungwa zamani, tunavuna waoga wanaolipa kutishwa msimu huu wa mizimu. Ziara tatu leo! Sauti imekauka. Mara tatu nimesimama selo 31 nikamlilia Elzie Pruitt — machozi ya kweli — aliyemuua mkewe kwa wivu, akajinyonga mwaka 1968 akingoja barua ya msamaha, na mpaka leo, kila saa tisa alasiri, hugonga nondo kwa kijiko.

Kijiko ni cha kweli. Nilikiokota mwenyewe miaka sita iliyopita kwenye tundu la hewa la selo ile, kimechorwa ELZIE PRUITT 1968 kwa msumari. Na sisi watoto wa askari jela tunaijua desturi: mfungwa anayeachiwa hudondosha kijiko chake kwenye ndoo ya jikoni akitoka. Kijiko kikibaki selo, mwenyewe katoka kwa machela. Basi. Mengine yote nilijaza mimi. Mke, wivu, barua. Siku hiyo nilikuwa nimekunywa kahawa nyingi.

Anayegonga ni Wendell, mwenyekiti wa chama chetu cha kulinda jengo, mstaafu wa posta. Anakaa selo ya chini, anagonga bomba kwa kijiko kingine. Leo mzimu ulipiga chafya. Mama mmoja akasema si ajabu, kwa unyevu huu hata wafu watapata mafua.

Jumamosi, 7 Oktoba

Wawinda mizimu wamekuja na vinasa sauti vyao, watu tisa, fulana za aina moja. Wanasema wamemnasa Elzie. Wakanisikilizisha: fssss. Eti anasema "barua". Mimi nilisikia friji ya ofisini. Nikasema ndiyo, nimesikia. Na — naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma — nywele zilinisimama! Miaka sitini na mbili, naogopa mzimu niliouumba mwenyewe.

Wakati wa chakula Wendell akaniuliza habari ya kugonga kijiko saa tisa niliitoa wapi. Nikamwambia ni kipaji. Kipaji gani! Niliitoa nyumbani. Baba, Sajini Teague, aliyefanya kazi gereza hili miaka ishirini na minane, hakuvumilia kijiko cha chuma kugonga kikombe. Mama akavitupa vyote, tukala supu kwa vijiko vya mbao, shuleni wakanicheka. Baba alisema chuma kinaharibu ladha. Kahawa aliikoroga kwa kidole! Na siku za mapumziko, saa tisa ikifika, anafungua redio mpaka madirisha yanatetemeka. Nikaona ni vituko vizuri vya kumpa mzimu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Simu. Mwanamke, Renata Pruitt, kutoka Ohio. Nikadhani anataka tiketi. Kumbe binti yake ameonyeshwa video ya ziara yangu shuleni, wenzake wakamwita ukoo wa wauaji, karudi nyumbani analia. Nikaanza kumpa pole kwa msiba wa zamani. Akanikatiza. Akasema babu yake yuko hapo jikoni, anakula maharage, na anataka kusema na mimi.

Yuko hapo!

"Habari za huko duniani, binti? Marehemu hapa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ana miaka themanini na minne. Aliiba matairi ya lori. Matairi! Kifungo miaka mitatu, akarudi kwa mkewe, wakaishi pamoja zaidi ya miaka hamsini. Mama wa watu alifariki mwaka juzi kitandani, mkono wake mkononi mwa mumewe. Na mimi hapa namuua mzee mara tatu kwa siku, Oktoba nzima.

Nikaanza samahani, samahani mzee wangu. Akasema samahani za simu hazishiki. Atakuja Jumamosi, ziara ya saa nane.

"Nataka unihadithie kifo changu chote. Usipunguze hata neno."

Jumanne, 10 Oktoba

Nimemwambia Wendell. Akakaa chini kwanza. Kisha akasema nimpigie mzee, nimwambie nafasi zimejaa mpaka Novemba. Watu wakijua Elzie yu hai, Oktoba imekwisha. Oktoba ikiisha bila pesa za tiketi, paa haliezekwi. Paa lisipoezekwa, serikali wanakuja na tingatinga kubomoa.

"Lorna, katikati ya msimu mzimu mwingine tutampata wapi?" Utafikiri anatafuta fundi bomba!

Nilicheka. Kisha nikamfikiria yule mtoto anayelia, nikaacha. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka sita, kwa hiyo nimebahatika.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimefanya mazoezi ya kuomba radhi mbele ya kioo. Nafanana na muuza bima.

Kitu kimoja kinanikera. Ikiwa alitoka hai, mbona kijiko chake kilibaki? Hakuna aliyethubutu kukiacha. Ilikuwa ni kujiapiza kifo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika nikiwa chooni. Choo cha askari, kina komeo la ndani. Watu ishirini na wawili wananisubiri selo 31. Nimewaambia tumbo.

Mzee alikuja na fimbo, koti la kanisani, kamshika Renata mkono. Mazoezi yote yakaniyeyuka. Lakini nilisema! Pale selo, mbele ya wote: huyu ndiye Elzie Pruitt, yu hai, hakuua mtu, nimewadanganya. Kisha wakapiga makofi! Walidhani ni sehemu ya ziara. Mmoja akaomba kumgusa.

Nikampa mzee kijiko chake. Akakigeuzageuza, akatabasamu kidogo. Na Wendell huko chini hakuwa na habari. Saa tisa ikafika. Ko. Ko. Ko.

Rangi ilimtoka mzee usoni. Akashika nondo.

"Habari ya kugonga umeambiwa na nani?"

Nikasema nimebuni. Akatikisa kichwa. Akahadithia yeye, polepole, na hakuna aliyepiga makofi tena. Selo hii walikaa wawili, yeye na mpiga banjo mmoja, Hobart Lyle. Siku moja Hobart akashikwa na tumbo. Saa tisa wakaanza kugonga nondo kumwita askari wa zamu. Askari yupo mwisho wa ujia, buti zake wanaziona. Akafungua redio. Wakagonga, akaongeza sauti. Kijiko cha Hobart kikakatika, Elzie akaendelea na chake. Ilipofika saa ya mkate wa jioni, Hobart alikuwa ameshakata roho.

"Hobart hakuwa na kijiko cha kubaki selo. Nikamwachia changu. Mimi nikatoka mikono mitupu."

Kisha akanitazama. Hakukasirika — heri angekasirika!

"Hili sikumwambia hata mke wangu, binti. Tulilijua watatu tu. Mimi, Hobart, na yule askari. Sasa wewe ni wa nani?"

Kwenye beji yangu wameandika LORNA tu. Ndipo nikasema tumbo.

Baba yangu. Redio ya saa tisa, kidole kwenye kahawa. Na mimi nimemfanya kichekesho miaka sita, nikidhani nimebuni. Naona aibu. Naona uchungu pia, sijui kwa ajili ya nani. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nilisoma mahali. Askari walikuwa wengi, na mzee hakumtaja jina. Wendell kanong'ona mlangoni kwamba wageni hawaondoki, wamekaa chini, haijapata kutokea. Nikamwambia aende.

Sasa kuna hatua nyingine. Za fimbo. Amesimama nje. Anasema, kwa upole, nisiogope, anataka jina tu.

Nimekaza komeo.

Anagonga. Si kwa fimbo — mlango ni wa chuma, na kijiko bado anacho. Mara tatu. Anangoja. Mara tatu tena.

Na mimi nimekaa. Nimefungua bomba la maji mpaka mwisho, nisimsikie.