Kumbukumbu Inayovuja

Jumatatu, 20 Januari
Afisini Vuga tangu asubuhi. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nimeiwasha upya kompyuta kubwa. Mimi ndiye mtunzaji wake; hoteli zote tunazozihudumia, za Paje mpaka Kiwengwa, hupitia humo, na sisi wafanyakazi kila mmoja ana akaunti yake humo humo.

Bado nnahangaika na ile kasoro niliyoiona wiki iliyopita. Sasa nna hakika. Kerneli, yaani kile kiini kinachoendesha mfumo wote, ikimpa mtu kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, haikifuti kwanza. Kama hoteli inayompa mgeni chumba bila kubadilisha shuka. Mwenye akaunti ya kawaida tu anaweza kuokota mabaki ya mwenzake. Leo nimeokota paswedi yangu mwenyewe.

Jumatano, 22 Januari
Nimewaandikia wanaoitengeneza kerneli, huko nje. Wamejibu haraka. Kasoro ni ya kweli, dawa inatafutwa, nisimwambie mtu mpaka itoke.

Nimemwambia Haroub tu. Nimwambie nani kama si yeye? Meza zetu zinatazamana, na Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, inshallah atakuwa mume wangu. Nimempa na ile programu yangu ndogo ya kujaribia, ajionee mwenyewe. Kanisifu mbele ya afisi nzima bila kusema kwa sababu gani. Nimeamua ripoti itoke kwa majina yetu mawili.

Nina furaha.

Jumanne, 28 Januari
Jana wakati wa chakula nilimwandikia Dada Mwanaisha, aliyeolewa Mkokotoni. Sisi huandikiana barua pepe, mimi kwa akaunti yangu ya afisini. Meseji za simu wanawe huzisoma zote. Nilimwambia nnaogopa Haroub atanikataza kazi nikishazaa.

Leo, bila kuulizwa, Haroub kaniambia kazi sitoiacha hata tukipata watoto saba. Nilicheka mpaka nikaona haya. Wangapi wanazeeka ndani ya ndoa wasipate mwanamme wa kuwajua hivi?

Alhamisi, 30 Januari
Haroub kapata nyumba ya kupanga, Kisauni. Tusikae Paje kwa mama yake. Sikumwomba. Hofu hiyo niliiandika kwa Dada, juzi.

"Zuleikha, usiwe na wasiwasi," kaniambia. "Hutoishi kibindoni mwa mama."

Kibindoni. Neno hilo niliandika mimi, kwa mzaha, kwa Dada peke yake.

Nimerudi mezani kwangu. Sikufanya kazi tena.

Ijumaa, 31 Januari
Pengine Dada kamwambia. Nimempigia simu. Kaapa hajasema na Haroub tangu siku ya posa. Nimemwamini. Ingekuwa afadhali nisimwamini.

Jumatatu, 3 Februari
Nimemwandikia Dada uongo. Kwanza nilimpigia nikamwambia asiujali. Nimeandika kwamba natamani marashi ya waridi, kama aliyokuwa akijipaka bibi. Bibi hakujipaka waridi hata siku moja, na mimi waridi hunipasua kichwa.

Nikenda kuswali adhuhuri. Nimemwomba Mungu nionekane mjinga, niwe nimemshuku Haroub bure.

Alhamisi, 6 Februari
Haroub kaja nyumbani kwetu baada ya alasiri. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Kisha akatoa kichupa, kimefungwa kwa utepe.

Marashi ya waridi.

Mama kayanusa, kapiga kigelegele. Mimi nikasema ahsante.

Ijumaa, 7 Februari
Kama mtunzaji naweza kuona nani kaendesha programu gani. Sikupenda kuangalia. Nimeangalia. Programu yangu imeendeshwa kwenye akaunti ya Haroub siku ile ile niliyompa, na baada ya hapo mtu kaingia kwenye akaunti yangu, kwa paswedi yangu, kutoka mezani kwake. Si mara moja.

Nimemwita ukumbini.

"Umesoma barua zangu."

Hakukana. "Nilitaka nikujue tu, Zuleikha. Nimekufanyia baya gani? Kila ulichokitaka nimekupa."

Naye kasimama pale kama mtu anayengoja ashukuriwe.

Jumamosi, 8 Februari
Jibu la swali lake limenijia leo, nikifua, wakati halina faida. Sijui wema upi ulikuwa wake. Ule wa kazi? Ule wa nyumba? Hata ile siku aliyonyamaza tu akakaa nami kwa sababu nilikuwa na huzuni, sijui tena. Nilidhani nimepata mtu wa kunielewa, kumbe alikuwa akinisomea maneno yangu mwenyewe. Namchukia. Na bado masikio yangu yanangoja sauti yake mlangoni. Hilo nalo nalichukia.

Nimewaambia nyumbani. Mama hataki kusikia. "Mwanamme anajua unachokitaka, nawe unalia? Baba yako mpaka leo hajui kama mimi sili pweza!"

"Sikumwambia mimi, mama. Kaniibia."

"Kakuibia nini? Mbona hakuna kilichopotea?"

Baba kauliza swali moja: "Ushaamua?" Nikasema nshaamua.

Jumatano, 12 Februari
Dawa imetoka. Nimeiweka, nikaiwasha kompyuta upya, nikaijaribu kwa programu yangu. Sifuri tupu, mstari baada ya mstari, hakuna mabaki ya mtu yeyote. Kitu cha kwanza safi nilichokiona mwezi huu.

Watengenezaji wameuliza waandike jina la nani. Langu, nimewajibu. Peke yake.

Meneja nimemweleza yote. Kamfungia Haroub akaunti mbele yangu. Haroub kachukua kikombe chake na chaja yake, kapita pembeni yangu, kasema "Utajuta" kwa sauti ya chini. Pengine. Lakini nitajuta mimi mwenyewe, bila msaada wake.

Baba kenda Paje asubuhi, kavaa kanzu na kofia, kurudisha posa. Karudi magharibi. Kala, kalala.

Jumapili, 16 Februari
Mkokotoni, kwa Dada. Watu wa Tumbatu wamejaa sokoni, wanapigiana kelele kwa Kitumbatu chao, nusu siifahamu. Wanawe Dada wako chuoni, wanasoma Kurani. Tumekaa uani, tunachambua mchele. Hajaniuliza chochote tangu nilipofika.

Baadaye kaniona nimesimamisha mkono. "Unawaza nini?"

"Sisemi."

"Haya," kasema Dada, akasogeza ungo karibu yangu. Tukaendelea.