Mwenzako Binti Mfalme

Mama China,

Mwenzako amejibu. Uliniagiza ukiwa kitandani hospitalini, hata maji huyamezi, kwamba siku ukiondoka binti mfalme wako wa Ulaya naye aambiwe. Niliona aibu, lakini nikaandika. Jana kadi imefika ofisini kwetu jengo la Tianxiu, hapa Guangzhou, nzito, ina nembo ya dhahabu. Inasema binti mfalme amefurahi sana kupata habari zako na anakutakia kila la heri. Amefurahi, Mama. Wewe umekufa, yeye amefurahi.

Kibao cha kaburi lako nacho kimekamilika. Fundi wa Sanyuanli amechonga "Paulina, Mama China" kama tulivyokubaliana wote, na wiki hii kilikuwa kiondoke na kontena kwenda kwenu Gairo. Nitakueleza kwa nini hakijaondoka.

Kadi haikunishangaza. Maneno ni yaleyale ya ile waliyokutumia ulipowaandikia Krismasi, ukaitundika juu ya meza ili kila mteja aione. Nilikuwa nakuambia hiyo imetolewa na mashine, hata sahihi si ya kalamu. Ukanijibu, "Wivu tu huo, Tumaini."

Wivu wa nini? Yule anafanya kazi gani? Leo kakata utepe, kesho kapanda mti kwa sepetu isiyoujua udongo, keshokutwa kainamisha kichwa mbele ya wagonjwa, kapigwa picha, kaondoka. Magazeti ya kwao yalimsifu eti kavaa koti moja mara mbili. Wewe ulivaa koti moja kila baridi ya Guangzhou tangu nikujue, mpaka likatoka bitana, na hakuna aliyekuandika popote.

Nakiri kwamba alitulisha bila kujua. Akivaa gauni Jumatatu, wiki haiishi limeshaigwa, liko soko la Zhanqian, nasi tupo dukani na picha kwenye simu, tunambembeleza laoban, yule bosi mama wa pale, aongeze nafasi ya nyonga, kwa sababu wa Ulaya hana na wa Gairo anazo. Sendofu za nyumbani zimejaa mabinti mfalme wenye makalio. Juzi laoban aliponiona alishusha gauni jipya la kijani, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Mama?" Nikamjibu kwa neno analotujibu yeye bidhaa ikiisha: "Mama mei you." Akaweka kalkuleta chini, akanishika bega, tukasimama hivyo. Na huyo hana kasri.

Ile hadithi yako, Mama, niliichoka. Kwamba zamani, kabla ya China, ulilazwa wodi ya wazazi na kichanga mgonjwa, binti mfalme akaja kutembelea. Wewe mwenyewe ulisema kuta zilipakwa rangi jana yake, na gari lake halijatoka getini manesi wakawa wanakusanya mashuka mapya. Hapo ulikuwa unacheka. Kisha unashusha picha yenu ukutani, yeye na kofia yake, unaanza, "Alinishika mkono, akaniuliza..." Nami nakukatiza kila mara: "Akakuuliza hilo gauni bei gani?" Unacheka tena, unairudisha picha mahali pake. Miaka sita tumefanya kazi pamoja na hukuwahi kuimaliza sentensi ile.

Jana, kwa hasira, niling'oa ile kadi ya zamani niitupe pamoja na hii mpya. Nikaigonga picha, ikaanguka, fremu ikaachia. Nyuma ya picha kuna mwandiko wako: "Kaniuliza jina la mtoto. Nikamwambia Rhoda. Mtoto kafariki Jumapili."

Nilikaa chini sakafuni, Mama.

Hapa Xiaobei kila mwanamke wa kwetu ni mama wa fulani. Mama Jose, Mama Asha, hata yule aliyemwacha mtoto Dar kwa bibi yake miaka yote hii. Wewe tulikubandika China, kama mzigo unavyoandikwa ulikotoka, tukaona tumekuheshimu. Hakuna aliyeuliza kwa nini jina lako halina mtoto. Sisi tuliokula ugali wako kila Jumapili baada ya ibada. Yule mpuuzi mwenye kofia ndiye aliyeuliza, tena pengine wasaidizi wake walimwambia aulize, na kabla hajafika garini ameshasahau. Lakini aliuliza, na wewe ukalitamka lile jina mbele ya mtu. Bado namdharau. Ila leo nimejidharau zaidi mimi.

Asubuhi nimekirudisha kibao Sanyuanli. Fundi amenung'unika kwamba jiwe likishachongwa halifutiki. Nikamwambia sitaki lifutwe, achonge jingine. Kontena limeondoka bila kibao na ndugu zako wamenuna, waache wanune. Hilo jipya nitasafiri nalo mwenyewe hadi Gairo, nilisimamishe kwa mikono yangu, na atakayeuliza Rhoda ni nani nitamjibu mpaka mwisho, sitamkatiza mtu wala kukatizwa.

Kadi zote mbili nimezitupa. Picha nimeitundika tena, lakini nimeigeuza, mwandiko wako ndio unaotazama mlango. Mteja akiingia aulize.

Lala salama, Mama Rhoda.

Mwanao wa kazi,
Tumaini