Kalamu ya Bosi wa Zamani

Shoga, uko wapi? Nimetoka kuaibika ndani ya ofisi yangu mwenyewe.

Yule bosi wangu wa zamani kaja. Anataka kuimeza ofisi yangu iwe tawi la kampuni yake ya mawakili. Eti vyumba viwili na shangazi mapokezi si kampuni, ni kibanda.

Akaniahidi wateja wakubwa na mawakili wanne chini yangu, nikalainika. Akanipa kalamu yake. Nikaishika shoga, ikagusa karatasi ya mkataba.

Shangazi akasema kutoka mezani kwake, "Hapa hasaini mtu kabla ya kusomewa."

Sheria yangu hiyo, nimeibandika ukutani mwenyewe. Kila mteja namsomea mkataba kwa sauti mpaka nukta ya mwisho, halafu mimi wakili nataka kusaini kibubusa. Kweli mganga hajigangi.

Bosi akacheka. "Mama, hawa ni mawakili, wanaaminiana."

Shangazi akavaa miwani, akasoma. Ukurasa wa tisa: nikiondoka au nikiondolewa, wateja wangu wote wanabaki kwake. Akarudia kuusoma. Polepole, kama anamsomea mtoto.

Nikamrudishia mkataba wake bila saini.

Bosi akasema, "Basi utazeekea kwenye vyumba viwili."

Nikamwambia nitazeeka na funguo mkononi. Na mwakani vitakuwa vitatu.

Katoka amenuna, kalamu kaisahau. Shangazi anaandika nayo majina ya wateja wa kesho, na ukurasa umeshajaa.