Hodi kwenye Ngome ya Bawshar

Bakhita, salamu baadaye. Ndiyo kwanza nimerudi, hata buibui sijavua. Kikaratasi hichi nampa mwanangu Ishaq akuletee.

Leo Ishaq katupeleka kwa Landrova kuiona ngome kongwe ya Bawshar, huku kwetu Omani, mimi na mjukuu wangu Muhsina. Ishaq kabaki nyuma kutia maji gari. Mlango wa ngome umeanguka nusu, ndani kiza. Nami, kwa mazowea yetu ya Unguja, nikapiga hodi.

Hodi, Bakhita! Kwenye magofu!

Sauti ikajibu kutoka ndani: "Karibu!"

Kwa Kiswahili! Huku Bawshar! Nani kama si jini? Nikakimbia, kiatu kimoja nyuma. Mimi, wa magoti haya! Nimefika garini ndio nakumbuka kuwa Muhsina nimemwacha pale mlangoni.

Nimemwacha, shoga. Mtoto wa miaka sita.

Nageuka, namwona anakuja kashikwa mkono na mzee, mlinzi wa ngome. Kumbe kakaa Pemba miaka ishirini kwenye karafuu! Kiatu changu kakikung'uta vumbi, kakiweka mbele ya mguu wangu, wala hakucheka. "Nisamehe, bibi," kasema. "Siku nyingi sijasikia hodi."

Ishaq ndiye aliyecheka mpaka akakaa chini.

Muhsina hakucheka. Njia nzima nimempakata, mwisho kaninong'oneza: "Bibi, siku nyengine ukikimbia, nichukue na mimi."

Usiucheke mwandiko wangu. Mkono mmoja unaandika, mwengine kaushika yeye.